Kamaliza la saba, mpaka Januari yuko nyumbani na kitabu hashiki. Wazazi wa Tanga mnafanyaje?

Mama Fotokopi

Wakuu asalam aleikum, na wengine habari za jioni. Mods naomba uzi ubaki hapahapa msinihamishie kule jukwaa la elimu, kule watu wanabishana ajira za walimu tu mzazi ukiuliza jambo lako hakuna anayekujibu.

Iko hivi. Mie niko Ngamiani, nina kaduka ka fotokopi na madaftari, nina watoto wawili. Huyu wa kiume kafanya mtihani wa la saba mwezi wa tisa huu uliopita, na kwa wasiojua, mtoto wa la saba akishaweka kalamu chini ndio imetoka hiyo, hana shule tena mpaka fomu wani ifunguliwe Januari. Hesabuni wenyewe, karibu miezi minne. Sasa kijana wangu ratiba yake ni hii: anaamka saa tatu, chai, anapotea banda la gemu, mchana anarudi kula, jioni chuoni madrasa (hapo nashukuru hakosi), usiku simu yangu. Hapo katikati kitabu hakimo kabisa.

Nikasema haiwezekani, mie nauza madaftari halafu mtoto wangu abaki mbumbumbu. Nikamnunulia vitabu vitatu vya hadithi, nikampa daftari jipya, nikamwambia kila siku kurasa kumi na muhtasari, jioni nasahihisha. Siku ya kwanza kaniandikia nusu ukurasa, nikafurahi mwenyewe nikawaonyesha mpaka wateja. Siku ya pili mistari minne. Siku ya tatu kaandika hivi, nanukuu, "Leo niliendelea kusoma na mambo yaliendelea." Siku ya nne nikaja kugundua ananakili maneno ya jalada la nyuma.

Nilimgombeza sana siku hiyo. Ila kuna kitu kimenichanganya ndio maana naandika hapa. Juzi nimemtuma karanga, wale wanaofungia kwenye koni za karatasi, ile karatasi ilikuwa imechanwa kwenye kitabu cha hadithi. Nikamkuta kasimama mlangoni karanga hajala hata moja, anaigeuza ile karatasi anatafuta inaendeleaje, akanambia "mama huyu mtu amefungiwa ghalani halafu imekatika hapo". Akarudi kwa muuza karanga kuuliza kama karatasi nyingine anazo!

Sasa huyu ni mtoto asiyependa kusoma au mie ndio sijui kumpa? Naombeni mawazo, matusi nayapata ya kutosha dukani.

Baba Tatu

Mpeleke tuisheni ya kujiandaa na fomu wani dada, mambo ya hadithi hayana faida saizi. Wenzake wako huko tangu wiki ya pili baada ya mtihani wanapiga baiolojia na kemia. Wewe unamnunulia hadithi.

Mkwakwani Damu

Nimekaa paleee nasubiri. Ila hiyo "mambo yaliendelea" imeniua, huyo dogo ana kipaji awe msemaji wa timu, tukifungwa aje aseme tulicheza na mambo yaliendelea.

Ticha wa Mabawa

Mama Fotokopi pole na hongera, kwa sababu wewe swali umeshalijibu mwenyewe kwenye ile karanga.

Mimi nimefundisha la sita na la saba miaka mingi, sasaivi nipo sekondari. Nikwambie ulipokosea bila kukuonea haya. Mtoto katoka kufanya mitihani sita ndani ya siku mbili, kabla ya hapo mwaka mzima ni majaribio, mazoezi, kambi, mock ya kata, mock ya wilaya, mock ya mkoa. Kwake yeye karatasi yenye maandishi maana yake ni kuulizwa maswali. Halafu anafika nyumbani anapumzika, mama anamletea kitabu na daftari la kusahihishwa. Kitabu hajakikataa huyo. Alichokikataa ni mtihani wa saba. Lile daftari la muhtasari lirudishe dukani uliuze.

Ile karatasi ya karanga hukumpa wewe, hakuna aliyemwambia atafanyiwa swali, na kilichomkamata ni mtu kafungiwa ghalani na hajui katokaje. Basi. Kusoma kunaanzia hapo, kwenye kutaka kujua, mengine ni mbwembwe.

Na hili sio la kwangu peke yangu. Wenzetu Marekani likizo yao ndefu ni ya kiangazi, wiki kama kumi hivi, na walishagundua zamani kwamba watoto wa familia za kipato cha chini wakirudi shule wanakuwa wameachwa nyuma kwenye kusoma kuliko walivyokuwa wakati wanafunga. Kuna utafiti ulifanyika jimbo la Florida ukachapishwa mwaka 2010, walichukua watoto 852 wa shule 17 za maeneo ya maskini, wakawapa vitabu 12 kila likizo kwa likizo tatu mfululizo. Sikiliza sasa hapa ndipo penye nyama, vitabu WALICHAGUA WENYEWE. Hakuna muhtasari, hakuna kusahihishwa. Mwisho wa siku wale watoto walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa kusoma kuliko wenzao ambao hawakupewa, na faida ilikaribiana na ya watoto waliopelekwa masomo ya likizo. Kwa waliotoka kwenye familia maskini zaidi ndio ikawa kubwa zaidi. Niseme ukweli wale walianza wakiwa wadogo, la kwanza na la pili, huyu wako ni kijana tayari. Lakini kama katoto ka miaka saba kanajua kujichagulia, wa miaka kumi na tatu atashindwa?

Kwa hiyo usimnunulie. Mpeleke mahali penye vitabu vingi umuache humo, wewe kaa nje unywe maji ya madafu. Tanga tuna maktaba ya mkoa pale mjini, lile jengo la zamani la enzi za Mwingereza lenye jina la King George VI, watu wanapita nalo kila siku wanadhani ni ofisi. Nenda naye mwenyewe aulize taratibu za kujiunga, usimuulizie wewe, yeye ndiye mwanachama.

Na kanuni moja ya kumpa: afungue ukurasa wowote wa katikati asome, kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha hicho kitabu bado kwake, arudishe rafu achukue kingine. Hii itamsaidia sana kwenye vya kiingereza.

Baba Tatu

Ticha nakuheshimu ila unawapoteza wazazi. Fomu wani karibu masomo yote ni kwa kiingereza. Hata zile wiki za mwanzo za kozi ya kiingereza hazitoshi, mtoto anatoka shule ya msingi hajui hata "photosynthesis" ni mdudu gani. Sasa asome hadithi za Kiswahili miezi minne ili iweje? Likizo nzima imekwenda.

Ticha wa Mabawa

Baba Tatu, nakujibu kama mtu anayewapokea hao watoto Januari. Wanakuja wa aina mbili. Kuna aliyekaririshwa maneno ya kiingereza tuisheni, ukimpa ukurasa mmoja wa historia anaishia mstari wa tatu anaanza kuangalia dirishani. Na kuna ambaye kiingereza chake kibovu lakini amezoea kukaa na kitabu saa nzima, huyo ananisumbua na maswali, "ticha hili neno nini, na hili", mwezi wa nne kashampita yule wa kwanza. Tofauti yao ni pumzi. Wewe mtu wa Tanga unajua mzamiaji wa pweza hajifunzii pumzi kilindini, anajifunzia majini ya kiunoni anapopajua. Kiswahili ndio majini ya kiunoni.

Sijasema asiguse kiingereza. Vile vitabu vyembamba vya hadithi vya kiingereza, kurasa ishirini thelathini, vina picha, asome hata vya darasa la nne asione aibu. Kiswahili cha kumpa pumzi, kiingereza cha kumpa maneno. Tuisheni kama hela unayo mpeleke asubuhi, sina ugomvi nayo, ila tuisheni haijawahi kumfanya mtoto akose usingizi akitaka kujua mtu katokaje ghalani.

Mkwakwani Damu

Mdogo wangu alikuwa hasomi kitu, mie kila asubuhi nikawa naacha gazeti la michezo mezani silisemi. Wiki ya pili anaanza kunibishia mambo ya usajili. Gazeti nalo ni kusoma au mpaka kiwe na jalada gumu?

Ticha wa Mabawa

Ni kusoma mkuu, tena kule kuna maneno magumu kuliko kwenye hadithi. Endelea.

Bint Chumbageni

Naona wote mnaongelea watoto wa kiume hapa. Ngoja niwaulize baba zetu na mama zetu wa humu, mtoto wa kike akimaliza la saba anakwenda banda la gemu? Anapotea mpaka mchana? Mie nakumbuka likizo yangu ile. Niliamka alfajiri kufagia uwanja, nikaosha vyombo vya jana, nikambeba mtoto wa dada, nikaenda gengeni, nikapika, nikaosha vyombo vya mchana, nikaenda chuoni, nikarudi nikakuna nazi ya usiku, saa nne ndio naketi halafu taa inazimwa kwa sababu luku inakwisha. Afu mzee wangu anasema mbele za watu "huyu kusoma hataki". Kusoma saa ngapi?

Nilichokuwa nasoma mie ni simulizi za kwenye simu, zile za vipande vipande, sehemu ya kwanza, ya pili, halafu "itaendelea". Nilikuwa nasomea chooni jamani. Zingine hazikuwa za umri wangu kabisa nisiseme uongo, hakuna aliyejua nasoma nini maana hakuna aliyeuliza. Lakini zile simulizi ndio zilizonifanya nikifika fomu tuu ticha akitoa kitabu cha fasihi mie namaliza siku mbili wenzangu wako ukurasa wa tisa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye mabinti ni mmoja tu, mpeni saa moja ya mchana isiyo na kazi. Saa moja. Kaka yake aoshe vyombo hafi. Na hizo simulizi msizipige marufuku tu, ulizeni anasoma ipi, msome na nyie, ikiwa ya hovyo mpeni nyingine yenye "itaendelea" yake.

Baba Tatu

Bint Chumbageni hapo kwenye vyombo umenigusa. Nina wa kike wawili. Nyamaza kidogo nitafakari.

Kinyozi wa Barabara ya 12

Mie darasani sikukaa sana nachangia la kwangu dogo. Saluni kwangu vijana wanakuja wanasubiri zamu, wengine wanaleta simu kuchaji wanakaa humohumo maana hawaamini kuziacha. Kuna mteja alihama akaniachia boksi la vitabu, vya zamani vimeliwa na mende kidogo, nikaliweka chini ya kioo sikusema kitu. Mwanzoni walikuwa wanalitumia kama kigoda cha kuwekea miguu. Siku moja umeme umekata, simu zote zimezima, tivii imezima, dogo mmoja akachomoa kimoja. Kufika umeme unarudi hakutaka kunyolewa anamaliza kwanza.

Sasaivi utaratibu wangu ni mmoja, ukianza kitabu hapa hujamaliza unaondoka nacho, unaandika jina ukutani kwa penseli. Ukuta wangu umejaa majina mpaka naona haya wateja wakubwa wakija. Vinapotea? Vinapotea ndio. Kama vitano vimekwenda na maji. Lakini na vingine vinakuja ambavyo sivijui vimetoka wapi, kuna mtu kaniletea mpaka kitabu cha kufuga nyuki.

Ila nimegundua kitu, ukimsifia dogo mbele ya wenzake kwamba anasoma, kesho haji. Umri ule hawataki kuonekana. Mwache tu, jifanye huoni.

Mama Fotokopi

Kinyozi nakuja na boksi langu, nina vitabu watu walileta kutoa kopi wakasahau miaka mitatu sasa.

Chungwa la Muheza

Habari wana Tanga wenzangu. Mie niko huku ndani Muheza maktaba ya mkoa ni nauli ya kwenda na kurudi, sio kila mzazi anaweza. Niongeze mambo mawili matatu.

Moja, Taasisi ya Elimu wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada vya shule ya msingi na sekondari viko humo bure, bando lako tu. Mimi nilishusha vya fomu wani kwenye simu nikamwachia binti akavifungulia kwa muda wake, sikumwambia avisome, nilimwambia tu "hivi ndivyo utakavyokutana navyo". Kila siku anachungulia. Hofu ya fomu wani yenyewe inamsomesha.

Pili, mnasahau kitu kimoja ambacho watoto wa pwani wanacho wengine hawana. Watoto wetu wamezoea kusoma kwa SAUTI. Tangu ana miaka mitano anakaa kwenye mkeka chuoni anasoma mbele ya mwalimu na wenzake, akikosea anarudishwa, akihitimu watu wanakula pilau. Kwenye maulidi mtoto wa miaka kumi anasimama mbele ya umati anasoma qaswida hatetemeki. Sasa huyohuyo nyumbani tunamwambia ajifungie chumbani asome kimya peke yake kama mgonjwa. Kwa nini asisomee watu? Sie tulikuwa tunamsomea babu gazeti, kila neno nililoruka babu alijua. Na kusoma huku kwetu sio jambo la jana, gazeti la Kiongozi lilichapwa hapo Tanga kwenye shule ya serikali kabla ya vita vya kwanza vya dunia, la Kiswahili, mjue. Gazeti moja mlikuwa mnasomewa baraza nzima.

Mtafutie mtu wa kumsomea. Mtu ambaye kweli anataka kusikia, sio kumpima.

Mkwakwani Damu

Chungwa umemwaga madini. Machungwa lakini bei imekuwaje huko?

Chungwa la Muheza

Njoo na gunia lako.

Mama Fotokopi

MREJESHO jamani, wiki tatu zimepita, samahani nilibanwa na fomu za watu.

Daftari la muhtasari nimelifuta. Nilimwambia mwanangu "lile daftari nilikosea", akaniangalia kama nimechanganyikiwa, mama mtu mzima kusema kakosea hajawahi kusikia.

Tulikwenda maktaba Jumamosi asubuhi. Nilikaa nje kama ticha alivyosema ila dirishani nilichungulia sana. Kazunguka nusu saa hashiki kitu nikasema basi tumefeli. Katoka na nini? Kitabu cha NYOKA. Jamani mimi moyo ulitaka kunitoka, niliona hapo vitabu vizuri vya maadili, vya mashujaa, yeye nyoka, kina picha ya koboko kwenye jalada. Nikataka kusema nikakumbuka nyie, nikanyamaza, nikaumia tumboni lakini nikanyamaza.

Kakisoma siku mbili. Nyumba nzima sasa tunajua swila anatema sumu na chatu hana sumu anabana. Baba yake naye kawa anauliza maswali.

Sasa sikilizeni. Mama yangu yupo Pongwe, macho yana mtoto wa jicho anasubiri operesheni, kutwa yuko barazani hana la kufanya redio imeharibika. Nikampeleka kijana akakae naye wiki, nikamwambia kwa ujanja "bibi yako amechoka kukaa kimya, msomee chochote". Akaenda na nyoka wake. Usiku baada ya kula akaanza kusoma, mama yangu alipiga ukelele majirani wakaja. "Usiku huu unanitajia huyo mdudu ndani ya nyumba? Sema kamba!" Wazee wetu mnawajua, usiku nyoka hatajwi. Basi mtoto ikabidi asome kila penye nyoka aseme kamba. "Kamba huyu ana sumu kali, kamba hutaga mayai." Wamecheka mpaka mama yangu kapaliwa.

Asubuhi bibi kamwambia mambo ya kamba basi, nataka unisomee yule mtu wetu wa Machui. Mama yangu kazaliwa huko njia ya Pangani, anasema siku Shaaban Robert anazikwa Machui mwaka 1962 yeye alikuwa kigoli, aliona magari mengi hajapata kuyaona maishani. Mwanangu alikuwa hajui kama mtu wa vitabu vya shule ni mtu wa hapa, anazaliwa hapa anazikwa hapa, karani wa forodha mwenye makaratasi yake kama baba wa mtu yeyote. Alidhani waandishi wanatoka Dar. Kanipigia simu ya bibi yake, "mama nitafutie Adili na Nduguze bibi anakitaka". BIBI anakitaka, sawa.

Ticha naomba unambie kitamshinda? Nimekiona Kiswahili chake ni cha zamani.

Ticha wa Mabawa

Peke yake kingemshinda, vidole vitano vingeisha ukurasa wa kwanza. Lakini na bibi pembeni hakimshindi, kwa sababu kamusi iko barazani inatafuna tambuu. Kitabu chenyewe chembamba. Na kina ndoano kali tangu mapema, kuna liwali mwema anayesifiwa na kila mtu, ila kila usiku anawachapa manyani wawili viboko halafu analia nao. Mtu akishasikia hilo haachi. Mpelekee.

Bint Chumbageni

Mama Fotokopi umenikumbusha bibi yangu, ila wa kwangu usiku nyoka alikuwa anaitwa ukanda. Na yule mtoto wako mwingine vipi, au yeye kaachwa na vyombo? Nauliza tu.

Mama Fotokopi

Bint we una jicho. Yupo fomu tuu ana mtihani wa taifa, ila saa moja ya mchana nimempa, naapa. Vyombo nimeosha mwenyewe.

Baba Tatu

Nilisema nitatafakari. Tuisheni wanangu wanaendelea nayo asubuhi, hapo sijahama. Lakini jioni nimeanza kukaa nao, kila mtu na chake, na mimi na gazeti. Siku ya kwanza nililala dakika ya kumi wakanipiga picha. Mkubwa anasoma simulizi ya kwenye simu, nimeomba nisome na mimi, nimefika sehemu ya kumi na nne, naomba msinicheke.

Mkwakwani Damu

Sehemu ya kumi na nne!! Mzee wa photosynthesis huyu huyu?

Kinyozi wa Barabara ya 12

Mama Fotokopi boksi lako limefika, ahsante. Kile kitabu cha nyuki na chenyewe kimechukuliwa, na aliyekichukua ni mzee wa miaka sitini. Kaandika jina ukutani na yeye.

Mama Fotokopi

Mrejesho wa mwisho, tumo mwezi wa kumi na mbili sasa. Matokeo yalitoka kafaulu alhamdulillah, kachaguliwa shule ya kutwa hapahapa mjini.

Ile wiki ya Pongwe imekuwa mwezi. Nimekwenda Ijumaa kuwaletea sukari na unga, nimewakuta barazani watu watano, bibi, mwanangu, na watoto wa jirani watatu, wamekaa kimya kijana anasoma. Bibi anamkatiza kila mistari miwili. "Rudia hapo." "Hilo neno maana yake hivi." "Huyu mtu mbaya huyu, mie nilishamjua." Kuna siku mwanangu alitaka kuruka ukurasa maana ulikuwa maelezo matupu, bibi akamwambia "mbona umefika haraka, umeniibia". Macho hayaoni ila hadanganyiki. Siku moja walikosana kabisa, kijana anasema yule liwali mjinga anawaamini watu, bibi anasema hiyo ndio adili yenyewe, hawakusemeshana mpaka chakula cha usiku.

Sio kila kitu kimenyooka. Banda la gemu akija mjini anakwenda. Vya kiingereza kasoma viwili tu tena vya darasa la tatu, kimoja kakiacha njiani. Kitabu cha nyoka tulichelewa kukirudisha. Na kusoma peke yake kimya bado hapendi, anasema "nisome halafu nimwambie nani".

Adili walishakimaliza siku nyingi wanarudia mara ya pili. Sasa mie kitabu nilikisoma shule enzi hizo nimesahau chote, nikamuuliza kwenye daladala tunarudi, hebu nambie wale manyani walikuwa wanachapwa kwa sababu gani. Kanijibu "mama, kasome mwenyewe". Nikampigia mama yangu nikadhani atanambia, na yeye kacheka kakata simu.

Nimekifungua leo dukani. Kuna mteja kaja na cheti cha kuzaliwa anataka kopi tatu nimemwambia akae kidogo.

Mkwakwani Damu

Kwa hiyo manyani wanachapwa kwa nini?

Mama Fotokopi

Nauli ya Pongwe unaijua.